Mgongo wa tangi la samaki: weka nyeusi, tena kwa nje

Tangi likiachwa wazi nyuma, waya na mipira ya pampu vyote vinaonekana, na samaki waoga hawatulii. Nyeusi ndiyo inayofaa kuliko zote: samaki wekundu na wa dhahabu wanang'aa mbele yake. Picha za matumbawe zinavutia dukani, ila nyumbani zinachosha macho upesi.

Nunua stika nyeusi ya mafundi wa mabango. Kariakoo inakatwa kwa mita. Iache izidi kioo sentimita 2 kila upande. Futa kioo kwa siki, kausha, kisha pulizia maji yenye matone mawili matatu ya sabuni ya maji ili stika iteleze uipange vizuri. Bandika kuanzia juu, sukuma maji kwa kadi ngumu kutoka katikati kwenda pembeni, kata kingo kwa wembe.

Karatasi iliyoshikizwa kwa solotepu haifai. Ukibadilisha maji, tone likipenya nyuma yake linaacha baka, na kwa unyevu wa Dar halikauki leo wala kesho.

Bandika tangi likiwa tupu. Likishajaa lita 100, ni zaidi ya kilo 100. Hulivuti tena kutoka ukutani.