Kabla Hujasaini Mkataba, Uliza Maji Yanatoka Wapi

Ukienda kuangalia nyumba ya kupanga ukakuta ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya na mingine imechakaa, simama hapo kwanza. Mimi sikusimama. Nililipa amana na kodi, nikahamia. Wiki ya tatu nikavuta kabati, nikakuta madoa meusi yametapakaa ukutani kama masizi, na begi la nguo limeota ukungu. Mwenye nyumba akasema ni kwa sababu sifungui madirisha. Sikuwa na picha hata moja ya kumjibu.

Ugomvi wote wa ukungu unarudi kwenye swali moja: maji yanatoka wapi? Pakavu ukungu hauoti. Paa likivuja, bomba likipasuka ndani ya ukuta, au unyevu ukipanda kutoka kwenye msingi, kwa kawaida mzigo ni wa mwenye nyumba. Ukitokana na mvuke wa kupikia na kuoga, au nguo zinazoanikwa ndani madirisha yakiwa yamefungwa, mpangaji naye ana sehemu yake. Ila bafu lisilo na dirisha wala feni, mpangaji afungue nini?

Kwa hiyo ukikagua, usiishie sebuleni. Pitisha kiganja kwenye pembe za chini za kuta, chungulia chini ya sinki, fungua kabati za ukutani unuse. Rangi iliyovimba au kubambuka ni dalili. Ukiweza, rudi mvua ikishanyesha. Piga picha zenye tarehe, kisha andikeni hali ya kila chumba na wote wawili msaini. Mkataba nao useme nani anatengeneza nini, na ndani ya siku ngapi tangu apewe taarifa.

Umeshahamia na ukuta unatoa unyevu? Kabla ya kulaumiana, futa sehemu moja ikauke, bandika kipande cha foili na uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi (selotepu), uache siku moja au mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani ya nyumba. Yakiwa nyuma ya foili, maji yamo ukutani, na hapo fundi anahitajika.

Toa taarifa siku hiyohiyo, kwa maandishi. Kitu kilicholowa kinaweza kuanza kuota ukungu ndani ya saa 24 hadi 48, na mpangaji aliyenyamaza miezi mitatu bomba likivuja anaweza kubebeshwa sehemu ya hasara. Kuzuia kodi hadi mwenye nyumba atengeneze ni hatari zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria za upangaji hutofautiana nchi kwa nchi, soma ya kwako kwanza.

Doa dogo, lisilozidi mita moja ya mraba hivi, unaweza kulisafisha mwenyewe kwa maji ya sabuni, ukiwa na glavu na barakoa. Piga picha kwanza. Usichanganye dawa ya klorini na amonia wala siki, hutoa hewa ya sumu. Usikubali rangi ipakwe juu ya ukungu, utatokeza tena. Na kama kuna mtoto mchanga au mwenye pumu, mtoe chumbani kabla hujaanza kusugua, maana kusugua hurusha vijimbegu vya ukungu hewani.