Kabla Hujawasha Mashine ya Kuchomelea Melini

Barakoa, glavu, viatu vya ngozi: hayo hayana mjadala. Ukiingia ndani ya tangi, hewa ipimwe kwanza na mtu abaki mlangoni.

Elektrodi, vile vijiti vya kuchomelea, zikae kavu. Unyevu huingiza haidrojeni kwenye mshono, na ufa wake huweza kutokea saa nyingi baadaye, wewe umeshaoga na kulala.

Jua daraja la bamba, A, B, D au E, yaani chuma chake kinavyostahimili baridi bila kuvunjika. Soma cheti, usikisie kwa macho. Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilikatika katikati ikiwa imefungwa gatini Portland, Marekani, maji yametulia, usiku wa baridi. Wachomeleaji wakabebeshwa lawama. Baadaye Constance Tipper, mtaalamu wa metali wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akaonyesha kuwa chuma chenyewe, kikipoa vya kutosha, huvunjika kama kioo. Kwenye meli za riveti, yaani mabamba yaliyounganishwa kwa pini za chuma, ufa uliweza kukomea ukingoni mwa bamba. Meli iliyochomelewa ni kitu kimoja, ufa hauna pa kusimama. Ndiyo maana pembe za milango ya shehena sitahani leo huviringwa. Ukiona mchoro wenye pembe kali, rudisha ofisini.

Sasa hili, na hapa sitaki ubishi: hakuna mshono mdogo. Jukwaa la Alexander L. Kielland, Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei, lilikuwa makazi ya wafanyakazi wa mafuta. Kwenye bomba mojawapo lililoushika mguu mmoja wa jukwaa walitoboa tundu, wakapachika kishikio cha kifaa cha kusikilizia sauti majini, wakakizungushia mshono wa milimita 6. Kakitu tu, nani akapime? Ufa ukaanzia hapo, mawimbi yakaukuza. Tarehe 27 Machi 1980 bomba likakatika, mengine matano yakazidiwa, mguu ukang'oka, jukwaa likapinduka. Kati ya watu 212 walikufa 123. Wachunguzi walikuta rangi ndani ya ufa, yaani ulikuwepo tangu kiwandani. Aliyepaka rangi aliufunika akaondoka zake.

Bado naona watu wakibandika kishikio cha waya mahali popote, kisha wanaking'oa kwa nyundo na kuacha kovu. Saga kovu hilo, lipime. Usiwashe elektrodi kwa kuikwaruza pembeni ya bamba. Ondoa kutu na rangi, kinga upepo, mvua ikinyesha simama. Na anayekuharakisha, muulize kama yuko tayari kusaini yeye.