Kabla ya Kupanda Kilimanjaro Ukitokea Dar

Wengi wetu wa Dar tukiamua kupanda Kilimanjaro kwa mara ya kwanza, tunawaza kwanza koti na viatu. Anza na idadi ya siku. Sisi tunaishi usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na huko kila pumzi inakupa takribani nusu tu ya oksijeni unayoipata Mbagala. Hakuna mazoezi yanayoziba pengo hilo. Mwili unahitaji muda wa kuzoea. Pesa ikibana, punguza kingine, siku usiziguse. Njia ya Marangu huuzwa kwa siku tano: lipia ya sita, ulale kambi ya Horombo usiku mara mbili, na mchana wa katikati upande juu kidogo kisha urudi kulala.

Dalili za mwili kushindwa kuzoea mwinuko zijue ukiwa bado nyumbani. Kichwa kikiuma, ukisikia kichefuchefu au chakula kikikataa, mwambie kiongozi wako saa hiyo hiyo. Tafadhali usifiche kwa kuwaonea wenzako aibu. Ukianza kuyumba, kuchanganyikiwa, au kuhema hata ukiwa umekaa, tiba ni kushuka mara moja, iwe usiku au mchana. Mwenye selimundu, presha, ugonjwa wa moyo au mzio wa dawa za salfa amwone daktari mapema, kabla hata ya kulipia, na amuulize pia kuhusu Diamox, vidonge vya kusaidia mwili kuzoea mwinuko.

Mazoezi nayo yana kazi yake, hasa kwa magoti wakati wa kushuka. Achana na lifti, panda ngazi. Mwisho wa wiki nenda vilima vya Pugu na viatu vile vile utakavyovaa mlimani, begi likiwa na maji lita tatu.

Nguo nzito utazipata kwenye mitumba ya Karume ukichambua kwa subira. Fulana ya pamba usiiweke karibu na ngozi, maana hubaki na jasho, na safari ya kileleni huanza karibu saa sita usiku, baridi ikiwa chini ya sifuri. Betri za tochi lala nazo ndani ya begi la kulalia.

Epuka masika, Machi hadi Mei. Na basi la Moshi hula siku nzima, kwa hiyo usipange kuingia getini kesho yake asubuhi. Pumzika mjini siku moja kwanza.