Unakuja Moshi Desemba na dawa za akili? Soma kabla hujafunga begi

Desemba Wachaga tunarudi nyumbani, na wewe tiketi ya kushuka KIA umeshakata. Kama unatumia olanzapini, risperidoni, kwetiapini au klozapini, dawa zikae begi la mkononi, ndani ya maboksi yake, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa na miligramu zake. Jina la kibiashara la huko uliko huenda mfamasia wa Moshi hajawahi kulisikia. Beba na za akiba. Anayechomwa sindano ya mwezi, barua itaje tarehe ya sindano ya mwisho.

Kinachonitia hofu zaidi ni homa. Ukipatwa na joto kijijini, ndugu watasema malaria kabla hujapimwa, na mtu atakimbilia duka la dawa. Subiri kwanza. Klozapini inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo homa au koo kuuma ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, damu ipimwe. Homa kali pamoja na misuli iliyokakamaa na kuchanganyikiwa ni dharura inayoweza kuletwa na dawa yoyote kati ya hizi: nenda KCMC au hospitali iliyo karibu, usiku huo huo.

Na kama kipimo kikionyesha malaria kweli, tibiwa, ila mweleze daktari unachomeza. Dawa mseto ya malaria inayoitwa ALu ina lumefantrini, ambayo inaweza kugusa mapigo ya moyo, na baadhi ya dawa za akili nazo hivyo hivyo. Huenda akataka kupima moyo kwanza. Mefilokwini ya kujikinga na malaria haimfai mtu aliyewahi kuugua saikosisi, yaani kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo. Omba nyingine kabla ya kusafiri.

Klozapini ikikupita zaidi ya saa 48, usirudie dozi yako ya kawaida. Mpigie daktari, maana huanzishwa upya kidogo kidogo.

Mbege? Pombe huongeza usingizi wa dawa. Mimi ningeiacha, ingawa najua kukataa kata ya mzee si rahisi.

Halafu kuna shangazi, atakayekuombea na kutangaza kwamba umepona, vidonge tupa. Usibishane naye. Sema, “Amina, shangazi. Naomba maji ya kumezea.”