Kuanza kufuga bata mzinga kwenye nchi za joto

Wengi wanaoniuliza kuhusu bata mzinga huanza na swali lile lile: "Vifaranga wana chakula, wana maji, mbona wanakufa?" Jibu liko kwenye hatua ya 3, ndiyo maana nimeirefusha.

Hatua ya 1: Aina

Anza na wa rangi ya shaba au chotara. Wale weupe wenye kifua kipana hunenepa haraka, lakini joto huwaelemea, na madume yao ni mazito kiasi kwamba majike hulazimika kufanyiwa uhimilishaji, yaani kupandikizwa mbegu na mtu. Anayeanza hana haja ya kujitwisha hayo.

Hatua ya 2: Banda

Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lipige kwenye ncha tu. Ukuta mfupi, juu wavu, chini maranda makavu. Basi.

Hatua ya 3: Wiki ya kwanza

Bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, iwe ya duara, maana kwenye kona vifaranga hurundikana na kukosa hewa. Joto liwe nyuzi 35 hivi za Selsiasi wiki ya kwanza, kisha ulipunguze nyuzi 3 kila wiki. Usidanganyike kwamba nchi ya joto haihitaji taa: usiku wa mvua huua. Mchana huenda ukalazimika kuizima kabisa. Mimi huwatazama vifaranga kuliko kipimajoto. Wakijibana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, wamezidiwa na joto.

Sasa lile linaloua. Kifaranga wa bata mzinga haoni vizuri na ni mzito wa kujifunza. Anaweza kufa njaa akiwa amesimama juu ya chakula. Siku za mwanzo huishi kwa kiini cha yai kilichobaki tumboni, kwa hiyo utamwona mzima tu, halafu siku ya tatu hadi ya tano vifo vinafuatana, nawe unaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Wakifika tu, mshike mmoja mmoja, chovya ncha ya mdomo kwenye maji (pua isizame), subiri ameze. Mwachie karibu na chombo hicho hicho. Rudia kwa wanaozubaa. Weka gololi za rangi ndani ya maji: zinang'aa, wanazidonoa, wanakunywa, na hawazami. Chakula kinyunyize juu ya trei za mayai, si juu ya gazeti, kwa sababu gazeti huteleza na miguu ikitanuka pembeni hairudi kirahisi. Taa ya kuonea iwake usiku kucha siku hizo. Jioni papasa kifuko cha chakula chini ya shingo. Aliye mtupu mtenge na umlishe mwenyewe.

Utashauriwa uweke kifaranga wa kuku awafundishe kula. Kweli atawafundisha, ila mimi sikubali. Sababu iko hatua ya 5. Kama una kifaranga wa bata mzinga aliyewatangulia siku chache, huyo ndiye mwalimu.

Hatua ya 4: Chakula

Wiki 4 za mwanzo wanahitaji protini ya asilimia 28 hivi. Chakula cha vifaranga wa kuku wa mayai hakifiki hapo. Kiongezwe unga wa samaki au soya iliyopikwa. Soma lebo kabla ya kununua. Ikitaja salinomycin au narasin, rudisha mfuko. Dawa hizo za kuzuia kuhara damu kuku huzivumilia, bata mzinga huishiwa nguvu za miguu na kufa.

Hatua ya 5: Kuku wakae mbali

Kuku hubeba kimelea kiitwacho Histomonas bila kuonyesha dalili. Kimelea hicho husafiri ndani ya mayai ya minyoo ya utumbo wa kuku, na mayai hayo hukaa udongoni miaka, hata ndani ya nyungunyungu. Kikimwingia bata mzinga huharibu ini. Kinyesi hugeuka njano kama salfa. Usitegemee dawa. Tumia ardhi ambayo kuku hawajakanyaga, na viatu vya kuingilia banda hili viwe vyake peke yake.

Hatua ya 6: Baada ya hapo

Lisha alfajiri na jioni, maji yakae kivulini. Maranda yakilowa, toa siku hiyo hiyo. Chanjo ya mdondo na ya ndui panga na daktari wa mifugo. Ndui husambazwa na mbu, usingoje mvua zianze.

Dume mmoja hutosha majike 8 hadi 10. Mayai huanguliwa siku ya 28. Tetea anaweza kuyaatamia, lakini kwa sababu zile za hatua ya 5 mimi hutumia mashine, au bata mzinga jike mwenyewe akikubali kukaa.