Dawa ya Homa ya Mafua Inakwenda kwa Saa: Somo kwa Aliyeandikiwa Oseltamivir

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kila anapokuja mtu katika dirisha la duka langu la dawa na karatasi ya daktari iliyoandikwa oseltamivir, dawa ambayo wengi wanaijua kwa jina la Tamiflu, suali lake la mwanzo huwa ni hili: "Dawa hii ina madhara gani?" Nami kabla ya kumjibu humuuliza suali jengine: "Homa ilikuanza saa ngapi?" Si kwamba ninalidharau suali lake, kwa sababu madhara yapo na nitayaeleza, lakini dawa hii inakwenda kwa saa, na aliyechelewa kuianza anaweza kuvumilia kichefuchefu bila ya kupata faida aliyoitarajia.

Sababu yake ni namna inavyofanya kazi. Virusi vya homa ya mafua huingia ndani ya chembe za pua na koo, vikazaana humo, kisha vile vipya hujikata na kutoka kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa nyuraminidase, vikaenda kushika chembe nyengine. Oseltamivir hukizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo virusi vipya hubaki vimenasa pale pale vilipozaliwa. Vilivyokwisha kutoka dawa haivirudishi. Ndiyo maana faida kubwa hupatikana ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili ya mwanzo.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba ni homa ya mafua

Hapa lugha yetu inatuponza kidogo, kwa kuwa neno "mafua" tunalitumia kwa makamasi ya kipupwe yanayokwisha yenyewe, na tunalitumia pia kwa ugonjwa wa virusi vya influenza unaomlaza mtu mzima siku nne asiweze hata kwenda msikitini. Huu wa pili kwa kawaida huja kwa ghafla: mtu anatoka nyumbani asubuhi mzima, na ikifika alasiri viungo vyote vinamuuma, kichwa kinamgonga, homa imepanda na kikohozi kikavu kimeanza.

Oseltamivir hufanya kazi kwa influenza ya aina A na aina B tu. Haitibu mafua ya kawaida, wala UVIKO-19, wala homa ya dengi, wala malaria. Zanzibar imepiga hatua kubwa katika kupunguza malaria, lakini haijaisha, kwa hiyo mwenye homa apimwe malaria kwanza, hasa akiwa ametoka safari ya bara karibuni. Dawa hii pia si antibiotiki, na vile vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini tangu mwaka jana haviui virusi.

Hatua ya pili: hesabu saa, kisha jitazame wewe ni nani

Sitakufichia kitu. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotoka mwaka 2014 ulionesha kwamba dawa hii ilipunguza muda wa dalili kutoka siku 7 hadi siku 6.3, yaani chini ya siku moja kamili. Kwa maoni yangu, kijana wa miaka 25 asiye na maradhi mengine, anayekuja siku ya tatu akiwa tayari ameanza kupata nafuu, abaki nyumbani, anywe maji mengi, ameze paracetamol, na fedha zake azitie mfukoni.

Lakini wapo ambao homa hii inaweza kuwageukia nimonia, na hao wasisubiri kuona kesho itakuwaje: wazee wa miaka 65 na zaidi, watoto wa chini ya miaka mitano na hasa wa chini ya miaka miwili, wajawazito na waliojifungua ndani ya wiki mbili zilizopita, wenye pumu, kisukari, maradhi ya moyo au ya figo, na wenye upungufu wa kinga mwilini. Hao wamwone daktari siku hiyo hiyo, naye ndiye atakayeamua kama dawa inawafaa.

Hatua ya tatu: mweleze daktari habari za figo, mimba na uzito

Dawa hii hutoka mwilini kwa njia ya figo, kwa hiyo mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, na asiposema atarundikiwa dawa mwilini. Mwenye mimba naye aseme, ingawa mimba si sababu ya kunyimwa, kwani oseltamivir ndiyo inayochaguliwa zaidi kwa wajawazito. Dozi ya mtoto hufuata uzito, basi apandishwe kwenye mizani. Kusema "ni mkubwa wa umbo" hakutoshi.

Hatua ya nne: meza pamoja na chakula

Dozi ya kawaida ya mtu mzima anayetibiwa ni kapsuli ya miligramu 75 mara mbili kwa siku, kwa siku 5. Inaweza kumezwa tumbo likiwa tupu, lakini mimi simshauri mtu, kwa sababu malalamiko makubwa ya dawa hii yapo tumboni. Katika majaribio, watu 10 katika kila 100 waliopewa dawa walipata kichefuchefu, na katika waliopewa kapsuli isiyo na dawa walikuwa 6; waliotapika walikuwa 8 kwa 3. Kwa hiyo wengi hawapati kitu, na anayepata, mara nyingi ni katika siku mbili za mwanzo. Bakuli la uji wa mchele, au mkate na chai ya maziwa, hupunguza tabu hiyo. Urojo wenye ndimu na pilipili uache mpaka upone, hata ukiutamani vipi.

Mtoto asiyeweza kumeza kapsuli, au mzee anayepaliwa, hufunguliwa kapsuli ikiwa mfamasia amethibitisha kwamba ndiyo dozi yake. Unga wake ni mchungu sana, kwa hiyo unachanganywa na kitu kitamu kilicho kizito. Dukani kwangu huwaambia kina mama watumie shira, ile ile ya kaimati, ikiwa imepoa. Tia kijiko kimoja kidogo katika kikombe, mimina unga wote, koroga, kisha mpe mtoto chote kwa mara moja. Usimimine katika bakuli zima la uji, kwa sababu akiacha nusu ya uji ameacha nusu ya dawa, na hutajua ni nusu ipi.

Ukipewa dawa ya maji iliyokwisha kuchanganywa, iweke katika friji, na hapo hudumu siku 17. Nje ya friji hudumu siku 10, lakini hesabu hiyo ni ya joto lisilozidi nyuzi 25, na jiko la Unguja wakati wa kaskazi halimo katika hesabu hiyo.

Hatua ya tano: saa kumi na mbili baina ya dozi mbili

Hapa nina kosa langu la kukiri. Mwaka mmoja nilimwandikia mzee mmoja juu ya pakiti "8:00 asubuhi, 8:00 usiku", nikidhani nimemrahisishia. Mzee akasoma kama anavyosoma saa zake zote: saa nane. Ya asubuhi akaona nimekosea, akaifanya saa nane mchana. Ya usiku akaitii kama ilivyo. Siku ya nne alirudi dukani macho mekundu, akaniambia, "Mwanangu, dawa ni nzuri, lakini huku kuamka saa nane za usiku kutaniua kabla ya mafua." Dozi zake zilikuwa zimepishana kwa saa kumi na mbili sawasawa, kwa hiyo matibabu hayakuharibika, ila usingizi wake. Tangu siku ile naandika kwa maneno: saa mbili asubuhi baada ya chai, saa mbili usiku baada ya chakula.

Ukisahau dozi, imeze mara tu utakapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki saa mbili au chini yake kufikia dozi inayofuata. Hapo iache iliyopita uendelee na ratiba. Usimeze mbili kwa pamoja ili kufidia. Na ukijisikia mzima siku ya tatu, endelea hadi kapsuli ya kumi.

Hatua ya sita: dalili za kwenda hospitali bila ya kungoja

Kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, kuchanganyikiwa, midomo kubadilika rangi, mtoto kukataa kunyonya au kutokojoa, au homa iliyoshuka kisha ikarudi kwa nguvu pamoja na kikohozi kizito: yoyote katika hizo haisubiri dawa imalizike. Vipele vinavyotoa malengelenge, au uso na koo kuvimba baada ya kumeza, maana yake ni kuacha dawa na kwenda hospitali saa ile ile. Hilo ni nadra, lakini halina mjadala.

MASUALI YA WANACHAMA

Mama wa watoto watatu, Bububu: *Mume wangu ameandikiwa dawa hii, nasi tunalala na mama mkwe mwenye kisukari chumba cha pili. Je, na yeye anywe?*

Dada yangu, mama asigaiwe kapsuli za mumeo, kwani hapo wote wawili watakuwa na dozi pungufu. Ipo dozi ya kinga kwa aliyekaa karibu na mgonjwa, nayo kwa mtu mzima ni miligramu 75 mara moja tu kwa siku, kwa siku 10, ikianzwa ndani ya saa 48 tangu alipokutana na mgonjwa. Mpelekeni kwa daktari leo, na mtaje kisukari pamoja na hali ya figo zake. Kinga hiyo hukaa siku anazomeza dawa tu, kwa hiyo haichukui nafasi ya chanjo.

Kijana wa Michenzani: *Nimesikia kwamba Japani watoto walirukwa na akili kwa sababu ya dawa hii. Ni kweli?*

Habari hiyo ina asili. Mwaka 2007 Japani iliagiza vijana wa miaka 10 hadi 19 wasipewe oseltamivir, baada ya taarifa za vijana waliofanya mambo ya ajabu, wakiwemo walioruka kutoka ghorofani. Mwaka 2018 agizo hilo liliondolewa, kwa kuwa mambo hayo yameonekana pia kwa wagonjwa wa homa ya mafua ambao hawakumeza dawa hii wala nyengine. Kwa hiyo mimi nasema hivi: kijana mwenye homa ya mafua, amemeza dawa au hakumeza, asilale peke yake siku mbili za mwanzo, na nyinyi mnaokaa ghorofani fungeni mlango wa roshani. Akianza kuweweseka au kuona visivyokuwepo, mpelekeni hospitali.

Mfanyabiashara wa viungo, Darajani: *Wateja wananiambia dawa hii inatokana na kile kiungo chenye umbo la nyota tunachotia katika pilau. Basi si bora wanywe chai yake?*

Kaka, wateja wako wameshika kweli nusu. Kiungo hicho kina asidi inayoitwa shikimiki, nayo imetumika viwandani kama malighafi ya kuanzia kutengeneza oseltamivir. Lakini baina ya asidi hiyo na dawa pana hatua nyingi za kikemia ambazo birika halizifanyi. Chai yake, pamoja na tangawizi na mdalasini, itamtuliza koo, na haina ugomvi na dawa. Waambie tu wasiitie katika hesabu ya dozi.

Mwanachama aliye Kiembe Samaki: *Mpwa wangu yuko Marekani, aliambiwa asinywe dawa ya mafua na maziwa. Mbona hapa umetuambia chai ya maziwa?*

Mpwa wako huenda alipewa baloxavir, ambayo ni dawa nyengine. Hiyo humezwa mara moja tu, nayo haipatani na maziwa, mtindi, vidonge vya kalsiamu, vya madini ya chuma wala dawa za kiungulia. Oseltamivir haina sharti hilo.

Maalim wa skuli, Mkoani: *Ikiangukia Ramadhani, inawezekana kumeza wakati wa futari na daku?*

Maalim, kwa hesabu ya saa, kutoka futari hadi daku ni kama saa kumi, na kutoka daku hadi futari ni kama saa kumi na nne, kwa hiyo dozi zote mbili zinapatikana ingawa hazipishani sawasawa. Wasiwasi wangu ni maji kuliko kapsuli. Mwenye homa kali anapoteza maji mchana kutwa, na akitapika ni zaidi. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine, na mimi ningemshauri aitumie, ila fatwa ni ya masheikh na hali ya mgonjwa ni ya daktari wake.

Bibi wa wajukuu, Chake Chake: *Mjukuu ana homa, nimempa aspirini ya utotoni tuliyokuwa tukipewa sisi. Niendelee nayo pamoja na hii dawa?*

Hapana, bibi yangu, iache leo. Aspirini kwa mtoto mwenye homa ya mafua inaweza kuleta ugonjwa adimu unaoharibu ini na ubongo. Mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake, nayo inakwenda pamoja na oseltamivir bila ya tatizo.

Mwanachama wa Wete: *Mama yangu ana miaka 71 na ana pumu. Leo ni siku ya nne ya homa, na tangu jana usiku anahema. Umesema saa 48, basi tumekwisha kuchelewa?*

Ndugu yangu, saa 48 ni za mtu aliyelala nyumbani na hali yake si mbaya. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kuanzishwa dawa hata baada ya hapo, na anayehema hahitaji kapsuli peke yake, huenda akahitaji oksijeni na kutazamwa mapafu. Usingoje kesho. Mpelekeni hospitali sasa hivi, mchukue na pampu yake ya pumu na pakiti za dawa zote anazotumia, na mkifika mwambieni daktari siku na saa ambayo homa ilianza.