Gari au Akaunti Yako Imezuiwa na ARA? Jinsi ya Kuomba Mahakama Ikutoe Kwenye Kesi

Umenunua gari aina ya Probox kwa mtu, ukalipa, na mwaka unaofuata unaiona nambari yake kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kama mali inayoshukiwa kutokana na uhalifu. Nchini Kenya, Mamlaka ya Kutwaa Mali Haramu (Assets Recovery Agency, ARA) huruhusiwa kwenda Mahakama Kuu bila wewe kuitwa na kupata amri ya kuizuia mali, chini ya sheria ya mapato ya uhalifu ya mwaka 2009. Gari bado halijawa la serikali, ila huwezi kuliuza wala kulihamisha. Tangu tangazo litoke gazetini, ARA ina siku 90 za kuomba litaifishwe. Wala si lazima aliyekuuzia awe amehukumiwa, kwani inayoshtakiwa hapa ni mali yenyewe.

Kwanza, hesabu siku. Unazo 14 tangu ukabidhiwe notisi, au tangu tangazo litoke gazetini kama hukuwa miongoni mwa waliopaswa kukabidhiwa. Hazihesabiwi kuanzia siku jirani alipokupasha habari.

Ndani ya siku hizo, peleka taarifa ya maandishi kwamba unapinga mali kutaifishwa, au unaomba haki yako itengwe, yaani isiguswe na amri ya kutaifisha. Iambatane na hati ya kiapo inayosema wewe ni nani, una haki gani kwenye mali hiyo na unategemea nini kujitetea. Tafuta wakili siku hiyo hiyo, nakusihi, na usimpe senti mtu anayedai atakuongelea huko ndani.

Kazi yenyewe iko kwenye ushahidi. Ni juu yako kuthibitisha mambo mawili, kwa kiwango cha kesi ya madai, yaani ionekane ni kweli zaidi kuliko si kweli: kwamba uliipata mali kihalali kwa bei isiyo chini mno ya thamani yake, na kwamba hukujua wala hukuwa na sababu ya kushuku kuwa inatokana na uhalifu. Kusanya mkataba wa mauzo, logbuku (hati ya umiliki wa gari), taarifa za benki na M-Pesa, hata jumbe za simu mlipokuwa mkipatana bei. Mkataba ukisema shilingi 700,000 na benki ionyeshe 250,000, wakili wa ARA ataanzia hapo. Kama salio ulilipa taslimu, lieleze mapema kwenye kiapo, utaje na aliyeshuhudia.

Na kama akaunti iliyozuiwa ndiyo inayolisha nyumba, unaweza kuiomba mahakama ikuachie gharama za maisha na za wakili. Itabidi uonyeshe huna kwingine pa kuzitoa, na utaje mali zako zote kwa kiapo.